Haki ya njia: Kwa baiskeli katika milima ya Heru Juu

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baada ya swala ya Alfajiri katika msikiti mmoja wa mjini Kasulu, tulimkuta baba mmoja amesimama nje akiikagua baiskeli kwa mwanga wa taa ya barazani. Ilikuwa baiskeli ya kike, si mpya, yenye karia nyuma na kengele iliyoshika kutu. Tulimsalimu, akaitikia, kisha akatupa swali ambalo ndilo lililozaa makala haya.

“Ndugu zangu, ninyi ni watu wa safari,” alisema. “Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Muhula uliopita ameumaliza kwa miguu, anaondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Jana nimemnunulia baiskeli hii. Mama yake hataki kuisikia. Anasema huko barabarani atauawa na malori. Mimi nasema miguu yake inachoka kabla akili yake haijafika darasani. Nani kati yetu ana haki?”

Hatukuwa na jibu, wala haikuwa sawa kumjibu mtu juu ya njia tusiyoipita. Yeye alikuwa amelala kwa nduguye mjini na sasa anarejea kwake Heru Juu. Tukaazima baiskeli mbili, tukamwomba atupitishe humo humo atakamopita mtoto wake.

Nchi ya milima na baiskeli

Msomaji asiyeifahamu Kigoma huenda akaidhani ni ziwa na mawese tu. Lakini Ziwa Tanganyika liko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, na msafiri anayeliacha nyuma yake akielekea Kasulu hupanda hadi nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,200. Huko ndiko Buha, nchi ya Waha: vilima vinavyofuatana, mabonde yenye maji na migomba, mashamba ya maharage, mahindi, mihogo na kahawa yaliyoning'inia miteremkoni. Jina lenyewe la Heru Juu linamwambia mgeni ajiandae kupanda.

Heru ni jina zito katika historia ya watu hawa. Ilikuwa mojawapo ya himaya za Waha, kila moja ikiwa na Mwami wake. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, wakati ambapo machifu wanawake katika Tanganyika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa, lakini wazee wa huko bado huizungumza Heru kwa heshima ya mahali palipokuwa na baraza.

Njia za nchi hii ni za kale kuliko gari lolote. Watu walizipita kwa miguu kwenda kutafuta chumvi ya Uvinza, ambayo imekuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wakati wa ukoloni vijana wa Kiha walizipita kwenda kufanya kazi za umanamba katika mashamba ya mkonge ya pwani, na baiskeli ilikuwa miongoni mwa mali ambazo mtu alitamani kurudi nazo. Hata leo, ukikaa ukingoni mwa njia, utaona baiskeli ikipita na magunia ya mihogo, nyingine na mikungu ya ndizi, nyingine na madumu manne ya maji, mwenyewe akiikokota mlimani huku ameinama kama anayesukuma ukuta.

Lami na neema zake

Tulianza kwa barabara kuu, maana ndiyo aliyokuwa akiihofia mama wa mtoto. Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi ulilia kwa kukosa lami. Leo kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, chenye urefu wa kilomita 63, kimewekwa lami, na barabara inayounganisha Manyovu, Kasulu, Kibondo na Kabingo, takriban kilomita 260, imeingia katika mpango mkubwa wa ujenzi uliogharamiwa na Serikali pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Hatutaki msomaji atuelewe vibaya. Lami ni neema. Mama mjamzito aliyekuwa akitikiswa usiku kucha juu ya mashimo, sasa anawahi hospitali. Maharage hayaozi tena yakisubiri gari lililokwama matopeni. Lakini pamoja na neema hii ulikuja mwendo wa kasi. Barabara ya vumbi ilimlazimisha dereva kwenda polepole, apende asipende. Lami imemwachia hiari yake.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 1.19 hufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wale wasio na chuma cha kuwakinga: waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Sisi, katika muda wa chini ya nusu saa tuliokaa kwenye lami ile, tulipitwa na gari moja kwa ukaribu kiasi kwamba upepo wake uliyumbisha usukani. Yule baba hakusema neno. Alishuka, akaikokota baiskeli ya binti yake pembeni kwenye majani mpaka tulipofika njia ya kuchepukia.

Hapo tulikubaliana na mama kabla hata ya kumwona. Kwa mtoto wa miaka 14, lami ile si njia ya kwenda shule.

Njia ya mgongoni

Njia ya kuchepukia ni ya udongo mwekundu. Inauacha uwanda, inavuka kijito, kisha inapanda kwa mizunguko katikati ya mashamba. Ni ndefu kuliko barabara kuu na inamtoa mtu jasho. Lakini katika muda wa saa nzima tulikutana na pikipiki tatu na gari moja tu, tena lililokuwa likitambaa. Waliosalia wote walikuwa watu: wanawake wenye majembe begani, watoto wenye mbuzi, mzee aliyebeba fimbo mbili na kuitumia moja. Kila mmoja alitusalimia, nasi tuliitika huku tukihema.

Mlima haupandwi kwa hasira. Baiskeli nyingi za huku hazina gia za kubadilisha, na anayejaribu kuushinda mlima kwa nguvu za mapaja huishiwa pumzi kabla ya kona ya kwanza. Wenyeji hupanda palipo na nafuu, na palipo wima hushuka wakaikokota bila ya kuona aibu. Mwenda pole hajikwai, wala hafiki amechoka kiasi cha kushindwa kufanya lililompeleka.

Tulipofika juu tulipumzika chini ya mwembe. Mabonde yalikuwa yakitoa ukungu, na vilima vya upande wa Buhigwe vilionekana kwa safu, kimoja nyuma ya kingine. Ndipo tulipoelewa kwa nini watu wa nchi za mbali hufunga safari kwa ajili ya njia za namna hii. Katika milima ya Andalusia, huko kusini mwa Hispania, ardhi ambayo Waislamu waliikaa na kuitawala kwa karne nyingi, zimo njia za reli zilizokwisha kuachwa. Tangu mwaka 1993 Wahispania wamekuwa wakizitengeneza reli za aina hiyo nchini mwao ziwe njia za waendao kwa miguu na baiskeli, magari yasiingie. Mojawapo, kati ya miji ya Olvera na Puerto Serrano, ina urefu wa kilomita 36, nayo hupita katika mahandaki na juu ya madaraja ya kale. Kilichokuwa kimetupwa kikawa mali.

Sisi hatuhitaji kungoja reli iachwe. Njia zetu za migongoni mwa vilima zipo, na zinapitika. Kinachotakiwa ni kuzijua na kuzichagua. Kwa mzazi wa Heru Juu, Kasulu au Kibondo anayeitafutia familia yake njia ya baiskeli, tuliyojifunza ni haya:

Kwanza, njia nzuri hupita penye watu, si porini. Nyumba na mashamba ni macho.

Pili, iwe inaonekana mbele. Kona iliyofunikwa na migomba ni mahali pa kupiga kengele na kupunguza mwendo, hata kama jana hapakuwa na mtu.

Tatu, mzazi aipite mwenyewe, kwenda na kurudi, katika saa ile ile atakayopita mtoto. Njia ya saa nne asubuhi siyo ile ya saa kumi na mbili.

Nne, iangaliwe kwa majira. Mvua zinapoanza, kuelekea mwezi wa Novemba, udongo mwekundu huteleza kama sabuni mpaka masika yapite. Siku za mvua kubwa, baiskeli ibaki nyumbani.

Tano, safari ndefu zisichanganywe na za kila siku. Kutoka Kasulu kwenda Kibondo ni zaidi ya kilomita 100, na barabara hiyo inapita Makere, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Malori ya mizigo hayakatiki. Hiyo ni njia ya mtu mzima mwenye shughuli na uzoefu.

Mfunge ngamia wako

Kupanda huchosha, lakini wanaoumia wengi huumia katika kushuka. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita karibu meta tano na nusu katika sekunde moja. Ikifika kilomita 40 hupita meta 11. Na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika ili breki iisimamishe huongezeka mara nne. Mtoto halijui hilo mpaka mbuzi akatize njia.

Katika nchi jirani ya Burundi, vijana wanaobeba ndizi kwa baiskeli huteremka milima mirefu kwenda Bujumbura wakiwa na mzigo uzidio uzito wao, na wakati wa kurudi wengine hujishikilia nyuma ya malori ili yawavute. Wapo wanaolipa ujasiri huo kwa maisha yao. Umasikini ndio unaowasukuma, nasi hatuwacheki. Lakini hatutaki watoto wetu wajifunze kwao.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W) alimfundisha yule bedui kumfunga ngamia wake kwanza, kisha ategemee kwa Allah. Katika milima ya Heru, kumfunga ngamia ni kukaza breki. Tulimshuhudia yule baba akiigeuza baiskeli magurudumu juu, chini ya mwembe ule, akagundua kuwa mpira mmoja wa breki ya nyuma umelika hata chuma kinakaribia kugusa rimu. Alikuwa ameinunua jana, na jana hakuwa ameigeuza.

Kwa hiyo tunaieleza kazi hii kama tulivyoiona ikifanywa na fundi baadaye siku hiyo. Breki zote mbili zijaribiwe kwa kuisukuma baiskeli mbele huku umezikaza, gurudumu lisizunguke. Mipira ya breki iliyolika ibadilishwe yote, na rimu zifutwe mafuta na matope, maana rimu yenye maji hushikwa kwa shida. Cheni isilegee ikachomoka mteremkoni. Tairi ijazwe upepo mpaka kidole gumba kisiweze kuibonyeza kwa urahisi. Kengele ilie. Nyuma kuwe na kioo chekundu cha kuakisi mwanga, na mbele taa kwa anayetoka kabla ya jua. Mteremko ukianza, mwendo upunguzwe mapema, kabla ya kona, breki ya nyuma ikitangulia na ya mbele ikifuatia kwa upole. Na mtoto asimpakie mtoto mwenzake kwenye karia.

Hayo yote hayafiki bei ya kitanda cha siku chache hospitalini.

Alichokisema mama

Tulifika nyumbani kwao karibu na saa tano. Mama alitukaribisha kwa uji wa ulezi, akasikiliza habari za lami, akatikisa kichwa kama mtu aliyezijua zamani. Tulipoanza kuisifu njia ya mgongoni, alitukatiza kwa adabu.

“Baba zangu, njia hiyo naijua. Nimeipita tangu nikiwa na umri wake,” alisema. “Malori hakuna, ni kweli. Lakini mnasema ni tulivu. Utulivu wa mwanamume siyo utulivu wa binti. Pale darajani wanakaa vijana kutwa nzima. Akipita mtu mzima wanainamisha macho. Akipita mtoto wa shule, maneno yanaanza. Lori nitalisikia likija. Hayo maneno nitayasikia wapi?”

Palikuwa kimya. Baba aliitazama baiskeli, na sisi tuliutazama uji. Tulikuwa tumepanda mlima mzima tukihesabu magari, wala hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri kuwahesabu waliokaa darajani.

Yapo mafundisho mashuhuri ambayo kila aliyepita madrasa ameyasikia. Mtume (S.A.W) aliwatahadharisha Maswahaba wake juu ya kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Na haki hiyo akaibainisha: kuinamisha macho, kuzuia madhara, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Akatufundisha pia kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani.

Mara nyingi tunapoyasoma mafundisho hayo tunaishia kwenye jiwe na mwiba. Lakini neno linalomfanya binti ashuke baiskelini akalia ni mwiba pia. Jicho linalomfuata mpaka kona ya pili ni jiwe njiani. Njia isiyo na magari haijawa salama bado. Huwa salama pale watu wake wanapoipa haki yake.

Kilichofanyika

Tunaandika haya kwa sababu mambo hayakuishia kwenye huzuni. Jioni ile, baada ya swala ya Magharibi, baba alilisema jambo lile mbele ya wazee wa jirani, bila ya kumtaja kijana yeyote. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu pale darajani alisema kwamba yeye atakwenda kukaa nao, kwani naye hana kazi asubuhi, na hadithi anazo. Watu wakacheka, lakini alikwenda. Ilionekana pia kwamba wapo wanafunzi wengine wanne wa njia ile ile, wawili wenye baiskeli, ambao walikuwa wakipita kila mmoja kwa saa yake. Wakapangwa waondoke pamoja, wenye baiskeli wakienda kwa mwendo wa wenye miguu mpaka walivuke daraja.

Mama naye aliweka masharti yake. Baba amsindikize binti wiki nzima. Breki zibadilishwe zote. Na stara isiwe sababu ya ajali: suruali pana chini ya gauni la shule, iliyobanwa kifundoni kwa mpira ili isiingie kwenye cheni, na mtandio uliopachikwa ndani ya kola. Baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, humrahisishia mvaaji gauni kupanda na kushuka kwa heshima yake. Wenye kudhani kwamba stara na baiskeli haviwezi kukaa pamoja, tunawaomba waangalie kwanza fundi anaweza kufanya nini kwa kipande cha wavu juu ya gurudumu la nyuma.

Faida ya jambo hili si ya kukisia. Nchini Zambia, watafiti waliwafuatilia wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli za kwendea shule mwaka 2017 na 2018. Utoro ulipungua kwa takriban asilimia 28, na muda wa njiani ukapungua kwa karibu thuluthi moja. Saa moja anayoipata binti asubuhi ni saa ya kulala, ya kusoma, au ya kuiwahi Alfajiri bila ya kukimbizana.

Wala tusidhani kwamba wenzetu walizaliwa na njia salama. Uholanzi, ambayo leo inasifika kwa baiskeli, mwaka 1971 ilizika watu zaidi ya 3,000 waliokufa barabarani, mamia yao wakiwa watoto. Wazazi walitoka wakaandamana, wakadai barabara za watoto, na mji baada ya mji ukabadilika. Kilichoanzisha ni uchungu wa baba na mama, kama huu tuliouona Heru Juu.

Tunawaomba viongozi wa vitongoji na kamati za misikiti, kabla ya mvua za mwaka huu, waitishe msaragambo wa siku moja tu: kufyeka kona zilizofunikwa, kujaza mifereji iliyokata njia kwa changarawe, na kuweka ubao imara pale kijitoni. Lami ina bajeti yake. Njia ya mgongoni ina sisi.

Siku ya Jumatatu tuliondoka Kasulu kwa basi, mapema. Basi liliposimama kupakia abiria karibu na ile njia ya kuchepukia, tuliwaona wakishuka, watoto watano na baba mmoja nyuma yao, kengele ikilia kwenye kona ingawa hapakuwa na mtu. Binti alikuwa wa pili. Alikuwa ameshika breki zote mbili.

Allah awahifadhi watoto wetu waendapo na warudipo, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoipa njia haki yake. Amin.